Annalena Tonelli, aliyewajengea wagonjwa wa Wajir manyata ya tiba

Katika nyanda kame za Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kufichwa. Miongoni mwa wafugaji, maradhi mengi yalitibiwa kwa kuchoma ngozi kwa moto, na hata watoto wachanga hawakusazwa. Huko ndiko alikofanya kazi Annalena Tonelli.

Alizaliwa mjini Forlì, Italia, mwaka wa 1943, akasomea sheria. Aliwasili Kenya mwaka wa 1969. Hakuwa mtawa wala daktari, bali Mkatoliki mlei aliyeanza kwa kufundisha shuleni kabla ya kuhamia Wajir.

Kikwazo kikubwa huko kilikuwa muda wa matibabu. Tiba ya siku hizo ilidumu mwaka mzima au zaidi, ilhali mfugaji hufuata mvua na malisho. Alipopata nafuu aliondoka na ngamia wake kabla ya kumaliza dawa, na ugonjwa ukarejea ukiwa sugu. Kwa mtoto mchanga aliyelala ubavuni mwa mama mwenye kikohozi, hatari ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka wa 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa kuwatibu wahamaji. Badala ya kuwafungia wodini, aliwaacha wajenge vibanda vyao karibu na kituo, waishi na jamaa zao, na wameze dawa mbele ya wahudumu kwa miezi sita. Mahali hapo pakajulikana kama Manyata ya TB. Katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa mataifa yote utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akishuhudiwa.

Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Tonelli aliwahudumia manusura na kusaidia habari za mauaji hayo kufika nje. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka nchini.

Aliendelea na kazi hiyo hiyo miongoni mwa Wasomali ng'ambo ya mpaka, na kuanzia mwaka wa 1996 huko Borama. Juni 2003 alipokea Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Mnamo Oktoba 5 mwaka huo, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali aliyoianzisha mjini humo. Alikuwa na umri wa miaka 60.