Abebe Bikila: Goti lilimtoa barabarani, ajali ikamkalisha kwenye kiti

SHABIKI wa soka hana subira na majeruhi. Wiki ya kwanza anampa pole, mwezi wa pili anaanza kumuita mgonjwa wa kudumu, na ligi ikifika mzunguko wa pili ashasahau hata jezi yake ilikuwa namba ngapi. Iwe Jamhuri pale Dodoma au kwa Mkapa jijini Dar es Salaam, maneno ya jukwaani ni yaleyale. Anajifanya. Anaogopa. Anakula mshahara wa bure.

Wenye maneno hayo wangepata kazi ngumu kumuelezea Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia aliyeiteka dunia mara mbili, kisha mwili ukamgomea kipande kimoja baada ya kingine.

Alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato. Siku hiyohiyo, Los Angeles kule Marekani, ilikuwa inakimbiwa marathoni ya Olimpiki. Utotoni alicheza gena, mchezo wa kienyeji wa kupiga mpira kwa fimbo, ambao magoli yake wakati mwingine huwekwa mbali kwa kilomita kadhaa. Mtoto anayepanda na kushuka uwanja wa namna hiyo, pumzi haiwezi kuwa tatizo lake.

Ukubwani akaingia jeshini, kwenye kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko akakutana na Onni Niskanen, kocha kutoka Sweden, na ndiye aliyemtengeneza.

MIGUU MITUPU ROMA

Septemba 10, 1960, Abebe alisimama kwenye mstari wa kuanzia jijini Roma bila viatu. Vile alivyopewa havikumkaa vizuri, na peku alishazoea tangu mazoezini. Watu wengi walimtazama kama mtu aliyekuja kujaza idadi tu.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Anayetoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro anaiacha Chamwino nyuma na bado hajamaliza. Jamaa alikimbia umbali huo kwenye lami na mawe ya Roma, giza likaingia, askari wakawa wameshika mienge kando ya njia kumulika wakimbiaji.

Aliyebaki naye ni Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Wakaenda bega kwa bega hadi karibu na mnara wa Axum, ambao majeshi ya Italia yaliubeba kutoka Ethiopia miaka ya 1930 na kuusimamisha pale Roma. Hapo ndipo Abebe alipochomoka. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia, na akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru.

KISU, KISHA DHAHABU

Mwaka 1964, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, Abebe alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kwa mchezaji wa leo hiyo ni taarifa ya klabu kwamba yuko nje kwa muda usiojulikana. Yeye alisafiri, akavaa viatu safari hii, na Oktoba 21 akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Ilikuwa rekodi nyingine. Aliyeshika nafasi ya pili aliingia uwanjani zaidi ya dakika nne baadaye, akamkuta Abebe ameshajilaza kwenye nyasi anafanya mazoezi ya viungo kana kwamba mechi ndiyo inataka kuanza.

Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Nyumbani alipandishwa cheo na kuzawadiwa gari dogo, Volkswagen. Gari hilo lina sehemu yake kwenye habari hii.

MAGOTI MAWILI YA MEXICO

Mwili ulianza kudai madeni mwaka 1967. Aliumia mguu kwenye marathoni moja huko Hispania na hakumaliza. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kutibiwa miguu, kisha akajumuishwa kwenye timu ya Olimpiki ya Mexico City. Bingwa mara mbili unamuachaje? Waandaaji wenyewe walimpa namba 1 kifuani.

Oktoba 20, 1968, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, goti la kulia la Abebe lilikataa. Alikimbia kama kilomita 16 hivi, akatoka. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea mbele na kuleta dhahabu ya tatu mfululizo Ethiopia.

Watanzania wanaikumbuka mbio hiyo kwa jina lingine kabisa. John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu, alianguka njiani, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bandeji, akachechemea hadi mwisho na kuingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo, jua limeshazama na mashabiki wengi wameshaondoka. Alikuwa wa mwisho, na ndiye anayesimuliwa hadi leo.

Akhwari anastahili kila sifa anayopewa. Lakini kwenye barabara ileile kulikuwa na goti lingine, la mtu aliyekuwa na dhahabu mbili nyumbani na namba 1 kifuani, aliyejua dunia nzima inamtazama. Kutoka kwake mbele ya macho hayo kulihitaji moyo pia. Abebe aliingia mbioni akiwa majeruhi wa zaidi ya mwaka, alijaribu, na mguu ulipomwambia basi alisikia. Anayemwita Akhwari shujaa hana haja ya kumwita Abebe muoga. Katika maisha yake alianza marathoni 16, akashinda 12, na mbili tu ndizo alizoshindwa kumaliza. Zote mbili ni za mwisho, na zote ni kwa sababu ya majeraha.

VOLKSWAGEN

Usiku wa Machi 22, 1969, Abebe alikuwa akiendesha ile Volkswagen. Ikamshinda, ikapinduka, akanaswa ndani. Alipotolewa, mwili ulikuwa umepooza kuanzia shingoni.

Wiki moja baadaye alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, inayojulikana kwa kutibu watu walioumia uti wa mgongo na ambako michezo ya walemavu ilipata mizizi yake. Alikaa huko miezi minane. Malkia Elizabeth alikwenda kumjulia hali. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi tena.

Alikuwa na miaka 36. Angeweza kubaki nyumbani na medali zake, na asingekuwepo wa kumlaumu. Badala yake akashika upinde. Mwaka 1970 alishindana Uingereza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwenye kulenga shabaha kwa mishale na mpira wa meza. Mwaka 1971 alialikwa Norway kama mgeni wa heshima wa michezo ya walemavu, lakini ugeni ukamshinda. Akaingia kwenye mbio za sleji zinazovutwa na mbwa juu ya theluji, akawashinda washindani 16 kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 17.

Mwaka uliofuata alikuwa Munich kwenye Olimpiki, jukwaani, na uwanja ulisimama kumpigia makofi. Mmarekani Frank Shorter aliposhinda marathoni na kuvishwa medali, alikwenda alipokaa Abebe kumshika mkono.

Oktoba 25, 1973, Abebe alifariki dunia jijini Addis Ababa kwa damu kuvuja kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Alikuwa na miaka 41. Makumi ya maelfu ya watu walimzika, mfalme akiwemo, na nchi ikatangaza siku ya maombolezo. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu goti limtoe barabarani Mexico, na kwa muda huo wote hakuwapa watu wake medali yoyote ya Olimpiki. Walikuja hivyohivyo.

Addis Ababa leo kuna uwanja unaoitwa Abebe Bikila, na soka linachezwa pale. Wapo wachezaji wanaoumia kwenye nyasi zake na kutolewa kwa machela. Shabiki anayetaka kumzomea mmoja wao ana jina la kusoma kwanza pale getini.