Fela Kuti: Mseto wa midundo uliowakera watawala

Kidole kimoja hakivunji chawa, walinena wahenga. Kauli hii inaafiki maisha ya marehemu Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria aliyekataa kufungwa na mtindo mmoja wa muziki.

Fela alizaliwa mnamo Oktoba 15, 1938, mjini Abeokuta. Babake alikuwa kasisi na mwalimu mkuu, ilhali mamake, Funmilayo Ransome-Kuti, alikuwa mtetezi shupavu wa haki za wanawake. Mnamo 1958 alitumwa London kusomea udaktari, lakini akaamua kujifunza kupuliza tarumbeta katika chuo cha muziki cha Trinity.

Aliporejea nyumbani mwaka wa 1963, alioanisha jazi na hailaifu, muziki wa dansi uliovuma Afrika Magharibi. Hata hivyo, mseto huo haukumpatia umaarufu aliotarajia.

Mambo yalibadilika mnamo 1969 alipozuru Marekani na bendi yake. Mjini Los Angeles alikutana na Sandra Izsadore, aliyemzindua kuhusu harakati za ukombozi wa watu weusi. Tangu hapo Fela akautafutia muziki wake ujumbe. Akiwa na mpigangoma stadi Tony Allen, alichanganya jazi, hailaifu, funki ya Marekani na midundo ya Wayoruba, mtindo uliojulikana kama afrobiti. Aidha, aliimba kwa Kiingereza cha mitaani ili aeleweke hata nje ya jamii yake ya Wayoruba.

Sasa alisikika, na watawala wakamsikia pia. Katika wimbo "Zombie" wa 1976, aliwakejeli wanajeshi wanaotii amri bila kufikiri. Mnamo Februari 18, 1977, wanajeshi wapatao 1,000 walivamia Kalakuta, makazi yake jijini Lagos, wakawapiga waliokuwemo na kuyateketeza. Mamake alirushwa kupitia dirisha la ghorofani, akafariki mwaka uliofuata. Tume ya uchunguzi ilitupia lawama wanajeshi wasiojulikana. Fela alijibu kwa kupeleka jeneza hadi kambi ya jeshi alimoishi kiongozi wa nchi, na akatunga nyimbo kuhusu unyama huo.

Mnamo 1984 alifungwa kwa mashtaka ya kusafirisha fedha za kigeni kinyume cha sheria, akaachiliwa 1986. Maisha yake hayakukosa utata, kwani mwaka wa 1978 alioa wanawake 27 kwa siku moja.

Fela aliaga dunia Agosti 2, 1997, akiwa na umri wa miaka 58. Kakake, Olikoye, aliyewahi kuwa waziri wa afya, alitangaza hadharani kuwa Ukimwi ndio uliomuua, wakati ambapo familia nyingi ziliuficha ugonjwa huo. Wanawe, Femi na Seun, wanaiendeleza afrobiti hadi leo.