Decker: Fundi aliyeweka nyumba rehani, kisha akatupa drili ya kifyatulio

Chukua drili yoyote pale kwa fundi wa Gikomba. Kidole cha shahada kinaenda chenyewe kwenye swichi, sivyo? Ukibonyeza, inazunguka. Ukiachilia, inatulia. Hakuna aliyekufunza, na hilo halikutokea kibahati. Kuna jamaa wawili wa Marekani waliokesha wakilifikiria, na mmoja wao ni Alonzo Decker.

Decker alizaliwa mwaka 1884. Mwaka 1906, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikutana na Duncan Black katika kampuni ya mitambo ya simu za maandishi mjini Baltimore, ambako wote walikuwa wameajiriwa. Black alikuwa na mdomo wa biashara, Decker akawa mtu wa vyuma na michoro. Mwaka 1910 waliamua kuacha mshahara na kufungua karakana yao. Doo zilitoka wapi? Black aliuza gari lake kwa dola 600. Decker hakuwa na gari la kuuza, basi akaweka nyumba yake rehani, akapata 600 nyingine. Hebu fikiria ukimweleza mkeo hayo mezani.

Mwanzoni walikuwa watu wa vibarua tu, wakiunda mashine ambazo wengine walizibuni: ya kutengeneza vifuniko vya chupa za maziwa, ya kuchovya peremende na kadhalika. Kazi za kulipa kodi.

Drili za umeme zilikuwepo tayari. Kampuni ya Fein ya Ujerumani ilikuwa imeunda ya kushikwa mkononi mwaka 1895. Shida ilikuwa namna ya kuishika. Uliibana kwa mikono miwili, na ili kuizima ilibidi mkono mmoja uache kazi kutafuta swichi. Ncha ikikwama kwenye chuma wakati huo, mashine yenyewe ndiyo inayozunguka, na mikono yako nayo.

Inasimuliwa kwamba Black na Decker waliiangalia bastola ya Colt, wakaona jibu: mpini wa kushika na kifyatulio cha kidole. Waliomba hataza mwaka 1914, wakaipata 1917, mwaka huo huo wakafungua kiwanda Towson, nje kidogo ya Baltimore. Ndani waliweka mota inayokubali umeme wa aina zote mbili, maana enzi hizo mtaa huu ungeweza kuwa na umeme wa mkondo geu na ule mwingine wa mkondo mnyoofu.

Mota ya aina hiyo ndiyo bado iko ndani ya drili na grinda nyingi za waya tunazotumia. Vipande viwili vya kaboni vinasugua shaba inayozunguka ili kuipa umeme, na kwa kusugua vinaisha. Ukiona cheche nyingi kwenye matundu ya hewa, au mashine inashika na kuachia, chomoa waya kwanza. Kisha kagua waya pale unapoingia mpini, kwani hapo ndipo hukatikia. Kama uko sawa, fungua uangalie kaboni. Zikiwa fupi, badilisha zote mbili kwa pamoja. Na vumbi lipulizwe. Mimi niliwahi kupuuza cheche hizo wiki nzima, nikachoma mota ambayo kaboni za bei ya chai zingeiokoa.

Turudi kwa Decker. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulikuwa noma. Kampuni ilikaribia kuzama, na wapo wafanyakazi waliojitokeza kazini bila malipo ili isifungwe. Wengine walifutwa, akiwemo mtoto wa Decker mwenyewe, Alonzo mdogo. Wengi wetu tumezoea kuona mtoto wa mwenye kampuni akiwa wa mwisho kuguswa. Huyu aliondoka akatafute riziki kwingine, akarudishwa hali ilipotengemaa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya silaha viliagiza drili nyingi kupita kiasi. Kumbe wafanyakazi walikuwa wakizibeba nyumbani! Badala ya kuishia kulalamika juu ya wizi, kampuni iliona soko: watu wa kawaida walitaka drili sebuleni. Mwaka 1946 ikatoa ndogo ya robo inchi kwa dola 16.95.

Black alifariki 1951, Decker akamfuata 1956. Yule kijana aliyefutwa kazi na babake alikuja kuiongoza kampuni. Drili yao ya kwanza ya betri, isiyohitaji waya wa ukutani, ilitoka 1961, miaka mitano baada ya mzee kuzikwa.