Mahatma Gandhi na Utulivu wa Nafsi

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Utotoni aliogopa mizuka na mashetani. Yaya wake, Rambha, alimfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu inapomjia. Hilo likawa somo lake la kwanza la kuikusanya akili mahali pamoja.

Mwaka 1893, akiwa wakili kijana, alisafiri kwa meli kwenda Afrika Kusini, akapitia Lamu, Mombasa na Unguja. Pwani hiyo ndiyo iliyowapokea wazee wetu wengi, kabla ya kuingia bara kwa reli hadi Dodoma na Bahi.

Tumezoea kumsifu kwa upole, kana kwamba alizaliwa nao. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alikuwa mume mwenye wivu na hasira. Mwaka 1898, mjini Durban, mkewe Kasturba alilia alipotakiwa kusafisha chombo cha haja cha karani mmoja aliyeishi nao. Gandhi alitaka kazi hiyo ifanywe, tena kwa furaha. Akamshika mkono, akamburura hadi langoni ili amfukuze. Kasturba alimkumbusha kwamba ugenini pale hakuwa na mzazi wala ndugu wa kumkimbilia. Gandhi aliona haya, akalifunga lango.

Mnamo 1903, mjini Johannesburg, alisoma Raja Yoga na sutra za Patanjali pamoja na marafiki, kisha akaazimia kuihifadhi Gita. Muda ulikuwa haba. Kupiga mswaki kulimchukua dakika 15 kila asubuhi. Basi alibandika ukutani karatasi zenye shloka, akazikariri papo hapo. Hivyo alihifadhi sura 13. Alizithamini mno shloka za mwisho za sura ya pili, zinazoeleza jinsi tamaa izaavyo hasira, na hasira ivurugavyo akili.

Baadaye aliongeza ukimya wa kila Jumatatu, na kusokota pamba kwa charkha, jicho na mkono vikifuata uzi mmoja. Hasira haikumtoka kabisa, bali alijifunza kuishika isimtangulie. Aliuawa tarehe 30 Januari 1948, akielekea kwenye sala ya jioni.

Nasi wafanyabiashara wa Bahi, mvua ikikosekana, madeni huchelewa na maneno makali huja upesi dukani, na hata nyumbani. Akili haikusanywi siku ya ugomvi. Hukusanywa asubuhi, kidogo kidogo, kabla ya ugomvi kuja. Katika maadhimisho haya ya mandir yetu, na tuzitafute dakika hizo 15.