Paulo wa Msalaba na Majilio ya mwaka 1720

KUANZIA mwishoni mwa Novemba, macho ya wakulima wa Dodoma huelekea angani. Nyanda hizi za kati zina msimu mmoja tu wa mvua, na mwenye shamba la mtama au uwele kule Bahi, Mvumi au Chamwino hufahamu kwamba mawingu yakipita bila kumwaga kitu hadi baada ya Krismasi, mwaka unaofuata utakuwa wa kuhesabu debe. Mjini nako kuna kusubiri kwa namna nyingine: tiketi za mabasi ya kwenda kwa wazee, nguo za watoto, na bei ya kuku ambayo hupanda kila siku.

Katika majuma hayohayo, waumini wa Kanisa Katoliki huingia katika kipindi cha Majilio, yaani Dominika nne za kumngoja Bwana. Padre huvaa zambarau, utenzi wa Utukufu hauimbwi, na katika juma la mwisho foleni za kitubio hurefuka hadi nje ya mlango. Katika jiji la Dodoma, wengi husali kipindi hicho ndani ya Kanisa Kuu lenye jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Hapana shaka wapo wanaodhani kwamba huyo ni Mtume Paulo kwa jina refu zaidi. Sivyo. Ni Mwitaliano wa karne ya 18, mwana wa mfanyabiashara, na jambo kubwa kuliko yote maishani mwake lilianza katika Majilio.

Alizaliwa Januari 3, 1694, huko Ovada, kaskazini mwa Italia, akaitwa Paolo Francesco Danei. Baba yake, Luca, aliuza nguo na tumbaku, na biashara ile haikumtajirisha. Mama yake, Anna Maria Massari, alijifungua watoto 16, na walio wengi walikufa wangali wachanga. Inasimuliwa kwamba mama huyo, alipokuwa akimchana mtoto wake nywele, alimtuliza kwa hadithi za wakaapweke wa jangwani na kumwonyesha msalaba. Mtoto aliyezika ndugu zake wengi namna hiyo hakuhitaji kufundishwa mateso ni nini.

Mwaka 1713, akiwa na umri wa miaka 19, alisikia mahubiri yaliyomgeuza moyo. Miaka michache baadaye alijitolea kuwa askari katika jeshi la Jamhuri ya Venice dhidi ya Waturuki, akidhani hiyo ndiyo njia ya kumtumikia Mungu, lakini aliacha upesi na kurudi nyumbani. Baba yake mdogo, aliyekuwa padre, alimtafutia mchumba mwenye mali; Paolo akakataa. Padre huyo alipofariki na kumwachia urithi, kijana alichukua kitabu cha sala tu, mengine akayaacha. Ndugu zake hawakufurahi, na ni rahisi kuelewa kwa nini: familia ilikuwa na madeni, naye alikuwa miongoni mwa watoto wakubwa.

Siku ya Ijumaa, Novemba 22, 1720, Askofu Francesco Maria Arborio di Gattinara wa Alessandria alimvika kanzu nyeusi ya toba. Kesho yake Paolo aliingia katika chumba kidogo chenye unyevu nyuma ya sakristia ya kanisa la Mtakatifu Carlo, katika mji wa Castellazzo ambako familia yake iliishi wakati huo. Humo alikaa siku 40, hadi Januari 1, 1721.

Siku hizo zilihesabiwa kuanzia pale alipovikwa kanzu, lakini Majilio yote ya mwaka ule yaliangukia ndani yake, pamoja na Noeli yenyewe. Dominika ya kwanza ya Majilio ilikuwa Desemba 1. Alikuwa na miaka 26, hakuwa padre, hakuwa na shirika wala mfuasi. Alilala juu ya majani makavu, alikula mkate na kunywa maji, aliamka usiku kusali, akatembea miguu mitupu katika baridi ya eneo ambako Desemba ni mwezi wa barafu. Kila siku alipokea Komunyo, jambo ambalo kwa desturi ya zama hizo halikuwa la kawaida.

Askofu alimwagiza aandike yaliyompata rohoni siku kwa siku, na shajara hiyo imetufikia. Anayeifungua akitazamia maono na miujiza mfululizo atashangaa. Ipo furaha ndani yake, tena furaha kubwa, lakini kurasa nyingi zinazungumzia ukavu. Anakiri kwamba mawazo yalitangatanga. Anakiri huzuni isiyo na sababu, usingizi uliomshinda katika sala, baridi, njaa, na vishawishi vya kurudi nyumbani. Zipo siku ambazo hakuona wala kusikia chochote, naye akaandika hivyo hivyo, kwa maneno machache, kisha akabaki palepale.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo la kuzingatia zaidi katika mafungo yale, kuliko mkate na maji. Wengi wetu huanza Majilio kwa azimio jema: kusali asubuhi, kupunguza pombe, kupatana na jirani. Juma la pili linapofika na moyo ukiwa bado mkavu kama korongo la Dodoma mwezi Oktoba, tunahitimisha kwamba zoezi limeshindikana, tunahamia kwenye manunuzi. Paolo naye alikuwa mkavu. Hakuuchukua ukavu huo kuwa ni jibu la Mungu. Aliuchukua kuwa sehemu ya kungoja.

Na si kwamba hakufanya kazi. Kati ya Desemba 2 na 7, yaani katika juma lile la kwanza la Majilio, aliandika Kanuni ya shirika la kitawa ambalo halikuwapo. Aliiandikia jumuiya ya watu wasioonekana, maskini waliovaa nyeusi, ambao kazi yao ingekuwa kukumbuka Mateso ya Yesu na kuwakumbusha wengine. Kuelekea mwisho wa siku zile 40 alijikuta pia akiiombea Uingereza irejee katika umoja na Roma. Hakuwahi kufika huko. Miaka 125 baadaye, Oktoba 1845, mtawa wa shirika lake aitwaye Dominic Barberi ndiye aliyempokea John Henry Newman katika Kanisa Katoliki. Newman alitangazwa mtakatifu mwaka 2019.

Baada ya mafungo, kungoja kulizidi. Mwaka 1721 alikwenda Roma ili Kanuni yake ithibitishwe na Baba Mtakatifu. Walinzi wa kasri la Quirinale walimtazama kijana yule mwenye kanzu chakavu wakamfukuza mlangoni. Akaenda kanisa la Bikira Maria Mkuu, na humo, mbele ya picha ya Mama wa Mungu, akaweka nadhiri ya kueneza kumbukumbu ya Mateso ya Kristo. Inafaa kutaja kwamba basilika hilo ndilo linalohifadhi masalia yanayoheshimiwa kuwa ya hori la Bethlehemu. Nadhiri ya Msalaba ilitolewa penye hori.

Juni 7, 1727, yeye na mdogo wake Giovanni Battista walipewa upadre na Papa Benedikto XIII. Walihudumia wagonjwa kwa muda, kisha wakahamia mlima Argentario, kando ya bahari. Wengi waliojiunga nao waliondoka kwa kushindwa na ukali wa maisha. Nyumba ya kwanza ya shirika ilifunguliwa huko mwaka 1737, na Kanuni ilithibitishwa na Papa Benedikto XIV mwaka 1741, baada ya kulegezwa makali yake. Tangu kuandikwa katika chumba kile chenye unyevu ilikuwa imepita miaka 20 na ushee.

Katika miaka iliyobaki, Paulo wa Msalaba, kama alivyokuja kuitwa, alizunguka katikati ya Italia akihubiri misioni vijijini, mara nyingi katika maeneo ya vinamasi na malaria ambako mapadre wengine hawakupenda kwenda. Usiku aliandika barua. Zimesalia zaidi ya elfu mbili, nyingi kwa walei: wake za watu, wajane, mabinti wa mashambani. Majilio yalipofika, aliwaeleza namna ya kujiandaa.

Mafundisho yake hapo yanaweza kuelezwa hivi. Yesu alizaliwa mara moja Bethlehemu, lakini hutaka kuzaliwa pia ndani ya mtu, na kuzaliwa huko hakuna kelele. Kunatanguliwa na aina ya kifo: mtu kufa kwa kiburi chake, kwa kutaka asifiwe, kwa kung'ang'ania kwamba mambo yaende atakavyo. Mambo hayo mawili, kufa kiroho na kuzaliwa upya, hakuyatenganisha kamwe. Ndiyo sababu alipenda picha ya Mtoto Yesu aliyelala usingizi juu ya msalaba mdogo, na aliwatumia watu picha ya namna hiyo.

Wapo watakaoona picha hiyo kuwa ya kusikitisha mno kwa sikukuu ya watoto. Lakini mama wa Kigogo aliyejifungua Desemba ya mwaka wa njaa haitaji kuelezwa kwamba kitanda cha mtoto na mateso vinaweza kuwa chini ya paa moja. Paulo, aliyekulia katika nyumba ya majeneza madogo, alilijua hilo. Wala hakuwataka walei waige mkate na maji yake. Mke wa mtu alimshauri atimize wajibu wa nyumba yake, afunge kwa kiasi, na abaki kimya pale anapoonewa kwa jambo dogo. Ushauri wa mwisho huo, tukiri, ni mgumu kuliko kufunga.

Mdogo wake, mwenzake wa maisha, alifariki mwaka 1765. Mwaka 1771 Paulo aliona watawa wa kike wa shirika wakianza huko Corneto, na mwaka 1773 Papa Klementi XIV aliwapa Wapasionisti kanisa la Watakatifu Yohane na Paulo jijini Roma. Hapo ndipo alipofia Oktoba 18, 1775, akiwa na miaka 81, huku akisomewa masimulizi ya Mateso ya Bwana. Aliacha nyumba 12 na watawa wanaokaribia 180. Papa Pius IX alimtangaza mtakatifu Juni 29, 1867, na sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa ni Oktoba 19.

Watoto wake wa kiroho kutoka Italia ndio waliopewa Dodoma. Eneo hilo lilifanywa kuwa jimbo la kitume la ngazi ya awali Januari 28, 1935, likawa jimbo kamili mwaka 1953 chini ya Askofu Anthony Pesce, Mpasionisti. Baada ya Pesce kufariki mwaka 1971, aliyemfuata alikuwa Mathias Isuja, mzaliwa wa Haubi, Kondoa, aliyeliongoza jimbo kuanzia 1972 hadi 2005. Mwaka 2014 Dodoma ikawa Jimbo Kuu, ikiwa na majimbo ya Kondoa na Singida chini yake. Wapasionisti walizikuta nyanda hizi zikiwa na ukame na njaa za mara kwa mara, na walipotafuta jina la kulipa kanisa lao kuu, walichukua la yule kijana wa Castellazzo. Kila Desemba pango la Noeli hutengenezwa humo, na mara nyingi mvua ya kwanza ya maana huwa imeshanyesha. Mara nyingine bado.