Henry Ford: Mtoto wa mkulima aliyetaka gari litoke shambani

JINA la Ford kwa wengi wetu ni pikapu, au lile trekta la bluu la zamani lililoegeshwa chini ya mwembe likisubiri vipuri. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwenye jina hilo alitumia miaka mingi, na fedha nyingi, akijaribu kutengeneza bodi ya gari kutokana na soya.

Henry Ford alizaliwa Julai 30, 1863, katika shamba la wazazi wake karibu na Dearborn, jimbo la Michigan nchini Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland. Kijana hakuipenda kazi ya shamba hata kidogo, alipenda mashine. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 16, aliondoka nyumbani kwenda Detroit kujifunza ufundi.

Mwaka 1896 alimaliza kutengeneza gari lake la kwanza katika kibanda nyuma ya nyumba, akagundua kuwa mlango ni mwembamba kuliko gari. Ikabidi abomoe ukuta ili alitoe nje. Kampuni yake ya kwanza ilikufa mapema mwaka 1901. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kutofautiana na wenye mitaji. Ya tatu, iliyoanzishwa Juni 1903, ndiyo iliyodumu hadi leo.

Gari lake la Model T lilitoka mwaka 1908 kwa bei ya dola 850. Mwaka 1913 Ford aliweka mkanda unaosogeza gari kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukapungua kutoka saa 12 na nusu hadi takriban saa moja na nusu. Kufikia mwaka 1925 bei ilishuka hadi dola 260. Wateja wake wakubwa walikuwa wakulima, ambao hawakulitumia kwa safari tu. Waliinua gurudumu la nyuma, wakafunga mkanda, wakaendesha misumeno na mashine za kusaga. Mwaka 1917 akawaongezea trekta la Fordson.

Kisha bei ya mazao ikaanguka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakulima wa Marekani walibaki na nafaka isiyo na soko, na hali ikawa mbaya zaidi baada ya mwaka 1929. Ford alifanya hesabu ambayo sisi wachumi wa kilimo tunaielewa vizuri: mkulima asiye na fedha hanunui gari. Akaona kiwanda kikinunua malighafi kutoka shambani, fedha itarudi kiwandani. Haikuwa sadaka, ilikuwa biashara.

Mwaka 1929 alifungua maabara Dearborn na kumweka kijana aitwaye Robert Boyer kuisimamia. Walijaribu mazao mengi, na mwaka 1931 wakaamua kuweka nguvu kwenye soya kwa sababu ina mafuta na protini kwa pamoja. Mafuta yaliingia kwenye rangi ya magari. Mashudu yaliyobaki yalisagwa, yakachanganywa na gundi ya kikemikali na kubanwa kwenye kalibu yenye joto, zikatoka swichi za honi na vishikizo vya gia. Katikati ya miaka ya 1930 kila gari la Ford lilikuwa limetumia takriban busheli moja ya soya, yaani kilo 27 hivi. Ford alilima maelfu ya ekari za soya, na akajenga vinu vidogo vijijini, kikiwemo cha Saline mwaka 1938, ili usindikaji uwe karibu na shamba. Mwaka 1934, kwenye maonesho ya Chicago, aliwaandalia waandishi wa habari chakula kilichopikwa kwa soya mwanzo hadi mwisho. (Wengi wao, nadhani, walienda kutafuta nyama baadaye.)

Kilele kilikuja Agosti 1941, alipoonesha Dearborn gari lenye fremu ya mabomba ya chuma iliyofunikwa kwa vipande 14 vya plastiki yenye nyuzi za mimea. Lilikuwa na uzito wa takriban kilo 900, pungufu kwa kilo 450 kuliko gari la chuma la aina hiyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amepiga kwa shoka buti ya plastiki ya gari lake mwenyewe mbele ya wapiga picha, kuonesha kuwa haibonyei.

Miezi minne baadaye Marekani iliingia vitani, na utengenezaji wa magari ya kiraia ukasimama. Gari la soya halikuendelea. Lakini vita peke yake haitoshi kuwa sababu. Plastiki ya protini hunyonya maji, nayo huchukua muda kukauka ndani ya kalibu. Wakati huohuo ilikuwapo nyuzi nyingine sokoni. Katika miaka ya 1930 mafundi wa Marekani walifanikiwa kuyeyusha kioo na kukivuta kupitia vitundu vidogo hadi kikawa uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi huo haunyonyi maji na hauozi. Ukilowekwa kwenye plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, inapatikana ile tunayoiita faiba. Mwaka 1953 washindani wa Ford, General Motors, walitoa gari la Corvette lenye bodi nzima ya faiba.

Faiba hiyo ni kama yai, ikishaiva hairudi kuwa ute. Baadaye yakaja mabamba ya nyuzi za kioo na plastiki inayolainika kwa moto, ambayo hufanana zaidi na nta. Bamba hupashwa joto hadi lilegee, huwekwa kwenye kalibu iliyopoa, mashine hulibana, na kipande hutoka kikiwa kigumu kwa muda mfupi. Likiharibika linaweza kuyeyushwa tena. Kwa kiwanda kinachohesabu sekunde, soya isingeweza kushindana na kitu hicho.

Ford hakuwa mtu mwema wa kupigiwa mfano. Gazeti lake lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi kuanzia mwaka 1920, na alipoomba radhi mwaka 1927 madhara yalikuwa yamekwishaenea. Walinzi wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mwaka 1937. Shamba lake la mpira nchini Brazil, lililoanza mwaka 1928, liliharibiwa na ugonjwa wa majani kwa sababu miti ilipandwa ikiwa imebanana bila kuwasikiliza wenye ujuzi wa zao hilo. Liliuzwa kwa hasara mwaka 1945.

Alifariki Aprili 7, 1947, akiwa na miaka 83. Usiku huo mafuriko yalikuwa yamekata umeme nyumbani kwake, na chumba chake kiliangazwa kwa mishumaa na taa za mafuta.

Nyuzi za mimea hazikupotea kabisa. Viwanda vya magari vya Ujerumani vimetumia kitani na katani kwenye mbao za ndani za milango, kwa kuwa ni nyepesi kuliko kioo. Na kampuni ya Ford yenyewe ilirudi kwenye soya: Mustang ya mwaka 2008 ilikuwa na sponji za viti zilizotengenezwa kwa kuchanganya mafuta ya zao hilo. Mashudu, kama ilivyo huku kwetu, yaliendelea kwenda kwa kuku.