John Logie Baird

John Logie Baird (Helensburgh, Uskoti, 13 Agosti 1888 – Bexhill-on-Sea, Uingereza, 14 Juni 1946) alikuwa mhandisi na mvumbuzi, mmoja wa waanzilishi wa televisheni. Mfumo wake uliachwa mwaka 1937, lakini kabla ya kufa alipendekeza televisheni ya rangi yenye mistari 1,000, kiwango kinachokaribia kile cha runinga za HD za leo.

Maisha ya awali

Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanne wa mchungaji wa Kanisa la Uskoti. Alisoma uhandisi wa umeme mjini Glasgow, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza masomo yake ya chuo kikuu, naye hakuyamaliza. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya afya mbaya, na maradhi yalimwandama maisha yake yote. Alijaribu biashara ya soksi, kisha mwaka 1919 alikwenda Trinidad kutengeneza jamu. Hakufanikiwa, akarudi Uingereza.

Uvumbuzi

Mwaka 1923 alihamia Hastings, kando ya bahari, akaanza kuunda televisheni kwa vitu vya kuokoteza: sanduku la kofia, sindano za kushonea, lenzi za taa za baiskeli na gundi. Kiini cha mtambo kilikuwa diski yenye matundu, iliyobuniwa na Mjerumani Paul Nipkow mwaka 1884. Diski ilipozunguka, kila tundu lilisoma mstari mmoja wa picha, na mwanga wa mstari huo ukageuzwa kuwa umeme.

Mwaka 1924 alipigwa na umeme katika karakana yake, na mwenye nyumba akamtaka aondoke. Alihamia mtaa wa Frith, London. Tarehe 2 Oktoba 1925 alipata picha ya kichwa cha sanamu. Alimwita kijana wa ofisini, William Taynton, akae mbele ya mtambo, na uso wake ukawa wa kwanza wa mtu hai kuonekana katika televisheni hiyo. Tarehe 26 Januari 1926 aliuonyesha uvumbuzi huo kwa wanachama wa Royal Institution.

Picha hizo zilikuwa na mistari 30 tu. Uchache huo ulikuwa na faida moja: picha yenye habari chache hupita katika njia nyembamba. Ndiyo maana mwaka 1927 Baird aliweza kupeleka picha kutoka London hadi Glasgow kwa waya wa simu, na mwaka 1928 alizivusha Atlantiki kwa redio hadi New York. Mwaka huohuo alionyesha televisheni ya rangi. Kuanzia 1929 BBC ilirusha vipindi vyake kwa masafa ya kawaida ya redio.

Mwaka 1931 alimwoa Margaret Albu, mpiga piano kutoka Afrika Kusini. Walipata watoto wawili.

Shindano la mwaka 1936

Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza huduma ya televisheni huko Alexandra Palace, ikitumia mifumo miwili kwa zamu. Mfumo wa Baird ulikuwa na mistari 240. Ule wa Marconi-EMI, ulioongozwa na Isaac Shoenberg, ulikuwa na mistari 405 na kamera za elektroniki zisizo na diski.

Baird alilazimika kutumia, pamoja na vifaa vingine, kamera ya filamu iliyosafishwa papo hapo kabla ya kusomwa. Kamera hiyo haikuweza kuhamishwa, na picha ilichelewa kwa karibu dakika moja. Tarehe 30 Novemba moto ulioteketeza jengo la Crystal Palace uliunguza pia maabara zake. Mapema 1937 BBC iliuacha mfumo wake.

Miaka ya mwisho

Baird aliendelea na utafiti, sasa akitumia elektroniki. Mwaka 1944 alionyesha neli ya picha za rangi aliyoiita Telechrome. Aliishauri kamati ya serikali ya Uingereza kwamba baada ya vita nchi ianze na televisheni ya rangi yenye mistari 1,000. Serikali ilichagua kubaki na mistari 405. BBC ilirudi hewani tarehe 7 Juni 1946. Baird alifariki wiki moja baadaye, akiwa na umri wa miaka 57. Alizikwa Helensburgh.

Urithi

Mistari 405 ilitumika Uingereza hadi 1985. Katika Afrika ya Mashariki televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973 ikiwa ya rangi tangu mwanzo, na Tanzania Bara 1994. Uzimaji wa mitambo ya analojia Tanzania ulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine, ikiwemo Mbeya na Iringa, ikafuata.

Leo HD kamili ina mistari 1,080, na 4K ina mistari 2,160. Kanuni iliyombana Baird haijabadilika: mistari ikiongezeka, njia ya kuipitisha lazima ipanuke. Kwa hiyo king'amuzi cha HD kikiunganishwa kwa waya wa AV wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu, runinga haipati picha ya HD; inahitaji kebo ya HDMI. Hali ni hiyohiyo sebuleni London na katika kibanda umiza cha Ubaruku, wilayani Mbarali.